Ukimchora Mkubwa: Wasomaji Wanauliza Kuhusu Picha za Dhihaka

Barua za safari hii zimetoka kwa wachoraji, wanafunzi wa sanaa na wasimamizi wa kumbi. Tumejibu kwa mifano ya kesi na picha zinazojulikana. Sheria za nchi yako mahususi zipitie na wakili kabla hujatundika picha, maana wakili wa kabla ni nafuu kuliko wa baada.

*Nimechora kiongozi mwenye tumbo linalojaza turubai zima, analishwa noti kwa koleo. Mwenzangu wa studio anasema hiyo ni kashfa na nitashtakiwa. Kutia chumvi ni kukashifu?* — Mchoraji anayeandaa maonyesho ya kwanza

Kutia chumvi peke yake si kashfa. Ili iwe kashfa lazima pawe na dai la uongo linaloweza kupimwa, nalo liwe limemharibia mtu jina. Fanya jaribio hili: andika kwa sentensi moja kile picha inachosema. Ikiwa sentensi ni "huyu bwana anapenda kula kodi zetu", hayo ni maoni, na koleo lako ni taswira tu. Ikiwa ni "huyu bwana alipokea kiasi fulani kutoka kampuni fulani", umetoka kwenye taswira na kuingia kwenye ushahidi, na hakimu atakuuliza risiti. Basi kagua maandishi ya ndani ya picha kabla ya kitu kingine. Gunia tupu la noti halina kesi kubwa. Gunia lenye jina la kampuni halisi na tarakimu lina kesi.

Tumbo lako, kwa njia, lina babu yake. Desemba 1831 Honoré Daumier alimchora mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa kama jitu lililoketi, mdomo wazi, na ubao mrefu umeegemezwa mdomoni kama ulimi. Wachukuzi wanapanda ubao huo na vikapu vya sarafu zilizokusanywa kwa maskini waliosimama chini, na chini ya kiti zinadondoka karatasi za vyeo na upendeleo. Hakuna hata neno moja la kupimwa kama ni kweli au uongo. Hata hivyo alihukumiwa miezi sita jela na faini ya faranga 500, kwa sababu kosa lililoandikwa kwenye sheria ya wakati ule lilikuwa kumtukana mfalme na kuchochea chuki dhidi ya serikali. Uongo haukuhitajika.

Somo hilo bado lina kazi. Kuna nchi ambazo hadi leo zina sheria ya kumtusi mkuu wa nchi, na jaribio letu la sentensi moja halisaidii chochote huko. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliandika mwaka 2011 kwamba kumuudhi mtu wa umma, akiwemo mkuu wa nchi, hakutoshi kuwa sababu ya adhabu. Desemba 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitamka katika kesi ya mwandishi Lohé Issa Konaté dhidi ya Burkina Faso kwamba kumfunga mtu jela kwa kosa la kashfa kama lile kunakiuka Mkataba wa Afrika. Taja kesi hiyo kwa wakili wako, atajua pa kuipeleka.

*Niko darasani, mwaka wa pili. Sura ya kiongozi ifanane kiasi gani? Nikiipotosha sana watu hawamtambui, nikiipotosha kidogo inakuwa picha ya kumsifu.* — Mwanafunzi wa uchoraji

Anza na kipimo cha kawaida. Kwa mtu mzima mstari wa macho uko karibu na nusu ya urefu wa kichwa, na upana wa uso kwenye usawa wa macho ni kama macho matano yaliyopangwa sambamba. Weka picha ya kiongozi wako juu ya kipimo hicho utafute anapokiacha: paji refu, midomo iliyo karibu mno na pua, shavu linaloshuka. Chagua mambo mawili tu. Yanyooshe kwa theluthi moja kwanza, kisha nusu, ukichora kila hatua kwenye karatasi yake. Uhusiano wa macho, pua na mdomo usiuguse mpaka mwisho, kwa kuwa hapo ndipo jicho la mtazamaji linapomshikia mtu. Kosa la wanaoanza ni kunyoosha kila kitu kwa pamoja: kila kiungo kikikua, hakuna kilichokua, na kinachobaki ni mnyama asiyejulikana.

Kosa la pili ni zito zaidi. Ukinyoosha sifa anazoshiriki na kabila au rangi yake nzima badala ya zile zake mwenyewe, humchori yeye tena. Unawachora wote wanaofanana naye.

Jaribu kazi kwa kuipunguza iwe ndogo kama kidole gumba, kisha waonyeshe watu watatu kwa sekunde tatu tatu. Wawili wakimtaja, umefika.

Mwalimu bora wa jambo hili ni Charles Philipon, mchapishaji wa jarida alilochorea Daumier. Novemba 1831 alikuwa kizimbani kwa picha iliyomwonyesha mfalme kama fundi wa kupaka lipu, anafuta ukutani alama za mapinduzi ya mwaka uliotangulia. Mbele ya mahakama akachora vichwa vinne. Cha kwanza kilikuwa mfalme waziwazi: mashavu mazito, nywele zilizosimama kileleni. Cha pili mistari ikalegea, cha tatu macho na mdomo vikawa mikunjo, cha nne likawa tunda la peasi lenye majani juu. Hoja yake ilikuwa kwamba wakiadhibu kufanana basi waadhibu na peasi. Alipigwa miezi sita na faranga 2,000 vilevile, lakini peasi likatoka mahakamani likawa sura ya mfalme kwenye kuta za mitaani. Weka michoro hiyo minne sambamba uone ni mistari gani iliyobaki mpaka mwisho: umbo pana chini na jembamba juu, na shungi. Vingine vyote vimekwenda na mfalme bado yupo.

*Je, kumchora kiongozi uchi ni kuvuka mpaka?* — Msimamizi wa maonyesho

Swali hili lina jibu refu, na mfano wake mkubwa ni "The Spear" ya msanii Brett Murray, iliyotundikwa katika Goodman Gallery, Johannesburg, mwaka 2012. Ni akriliki kwenye turubai, sentimita 185 kwa 140, nyekundu, nyeusi na njano. Mwili unasimama kama Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, kwenye bango la Kisovieti la Viktor Ivanov, kifua mbele, koti likipepea. Uso ni wa Jacob Zuma, Rais wa Afrika Kusini wakati huo, na zipu iko wazi na uume nje. Chama chake, ANC, kilikwenda mahakamani kikitaka picha iondolewe. Mei 22, kabla kesi haijaamuliwa, mwanamume mmoja alipiga alama ya X kwa rangi nyekundu juu ya uso na sehemu za siri, na mwingine akapakaza rangi nyeusi kwa mikono, kamera za televisheni zikiwa mle ndani. Gazeti la City Press, lililokuwa limeichapisha, liliiondoa picha kwenye tovuti yake, na mwisho wa mwezi chama na ukumbi wakaelewana nje ya mahakama. Bodi ya filamu na machapisho ikaiwekea kizuizi cha umri wa miaka 16, na Oktoba baraza la rufaa likakifuta.

Ubishi wenyewe ulikuwa katikati ya vifungu viwili vya katiba moja, ya Afrika Kusini. Kifungu cha 16 kinataja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na kinauondolea kinga katika mambo matatu: propaganda ya vita, kuchochea vurugu za papo hapo, na kueneza chuki ya rangi, kabila, jinsia au dini inayochochea madhara. Uchi haumo katika orodha hiyo. Kifungu cha 10 nacho kinalinda utu wa kila mtu, rais akiwemo. Waliopinga picha walileta hoja ambayo mchoraji yeyote anapaswa kuisikiliza hata asipoikubali: mwili wa Mwafrika umeonyeshwa uchi kwa kudhalilishwa katika historia ndefu, na mtazamaji hawezi kuambiwa aiache historia hiyo mlangoni.

Kesi kama hiyo iliamuliwa mpaka mwisho huko Ulaya. Mwaka 1998 chama cha wasanii cha Secession, Vienna, kilionyesha kolagi, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa, ya msanii Otto Mühl yenye ukubwa wa sentimita 450 kwa 360, watu 34 maarufu wakiwa katika matendo ya ngono. Miili ilichorwa, vichwa vilikuwa picha za magazeti zilizokuzwa, na baadhi ya macho yamezibwa kwa vipande vyeusi. Mmoja wao, mwanasiasa Walter Meischberger, alishtaki. Mahakama za Austria zikapiga marufuku picha isionyeshwe. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua Januari 25, 2007, kwa kura 4 dhidi ya 3, kwamba marufuku hiyo ilikiuka uhuru wa kujieleza. Sababu zake ndizo za kubandika ukutani kwako: miili iliyochorwa ilikuwa ya kubuni mno kiasi kwamba hakuna angeamini inasimulia maisha yake ya kweli, dhihaka kwa asili hutia chumvi na hupotosha ili ichokoze, na marufuku haikuwa na kikomo cha muda wala mahali. Kura 4 kwa 3, lakini. Jaji mmoja tu angegeuka, tungekuwa tunasimulia kinyume.

Kwa hiyo ukituuliza sisi: uchi unaofanya kazi ndani ya hoja unateteeka, uchi wa kushtua tu unaichosha hoja yako. Jiulize kama picha ingeeleweka mtu akiwa amevaa. Kama ingeeleweka, mvishe, uone kama haijapata nguvu zaidi. Msimamizi wa ukumbi aongeze mambo mawili: tangazo mlangoni linaloeleza kilichomo, na chumba ambacho mtu huingia kwa kuamua, si korido anayopita akitafuta choo.

*Kama dhihaka inaruhusiwa kuudhi, mpaka uko wapi hasa?* — Msomaji

Mpaka uko pale picha inapoacha kumlenga mwenye madaraka kwa aliyoyafanya na kuanza kuwalenga watu kwa walivyozaliwa, ikiwaelekeza wengine kuwadhuru. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa unalinda, katika ibara ya 19, hata maoni yaliyotolewa kwa njia ya sanaa, na ibara ya 20 inataka uchochezi wa chuki ya kitaifa, kirangi au kidini upigwe marufuku. Kupima kama picha imefika huko, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliokutana Rabat mwaka 2012 walitoa mambo sita ya kuangalia: mazingira ya wakati huo, hadhi ya anayesema, nia yake, maudhui na umbo la ujumbe, ulivyosambaa, na uwezekano wa madhara kutokea karibuni.

Yapime mambo hayo kwa jalada la namba 26 la jarida la Kangura, Rwanda, Novemba 1991. Panga limechorwa wima. Pembeni yake kuna swali: ni silaha gani zitumike kuwashinda "inyenzi", yaani mende, moja kwa moja. Upande wa pili kuna picha ya Grégoire Kayibanda, rais wa zamani wa nchi hiyo. Kimichoro ni jalada rahisi tu. Lakini taifa lilikuwa vitani, mhariri alikuwa na wasomaji waliomwamini, waliolengwa walikuwa Watutsi kwa jumla, na panga limewekwa kama jibu la swali. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ililichambua jalada hilo katika hukumu ya Desemba 2003 iliyomtia hatiani mhariri wake, Hassan Ngeze. Kiongozi mmoja ukimchora fisi kwa uroho wake, ni dhihaka. Kundi zima likichorwa wadudu, mtazamaji ameambiwa la kufanya na wadudu.

Wakati nao unahesabiwa. Siku mbili baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, gazeti la Kibaski nchini Ufaransa lilichapisha mchoro wa majengo yanayoporomoka ukiwa na maneno ya kushangilia waliofanya. Mchoraji alitozwa faini, na mahakama ile ile ya Ulaya, mwaka 2008, haikuona kosa katika kumwadhibu. Maneno ya chini ya mchoro ndiyo yaliyomwangusha.

*Naweza kutumia picha ya gazeti kama rejea?* — Mchoraji wa mabango

Rejea, ndiyo. Nakala, hapana, isipokuwa kwa kibali. Shepard Fairey alitengeneza bango la "Hope" la Barack Obama kutoka picha moja ya shirika la habari la AP, na kesi ya hakimiliki iliisha kwa maelewano mwaka 2011. Kilichomgharimu zaidi ni kwamba alidai alitumia picha nyingine na akaharibu ushahidi: mwaka 2012 alipewa kifungo cha nje cha miaka miwili na faini ya dola 25,000. Tumia picha tatu au zaidi za pembe tofauti, chora mchoro wako mwenyewe kutoka kwazo, andika tarehe nyuma ya kila karatasi ya majaribio na usitupe hata moja.

*Tutafungua maonyesho yenye picha mbili kali. Tunailindaje rangi dhidi ya mtu atakayeingia na kopo?* — Ukumbi mdogo wa maonyesho

Anza kabla picha haijatundikwa. Piga picha nane za kila kazi: mbele nzima, pembe nne, nyuma, sahihi, na moja taa ikiwa ubavuni ili mikwaruzo ya zamani ionekane. Bila hizo utashindwa kuthibitisha nini kimeharibiwa na nani.

Kama kazi ni ya akriliki, iache ikauke kabisa, wiki mbili kwa rangi nene. Changanya jeli laini ya akriliki inayong'aa sehemu mbili na maji sehemu moja, koroga taratibu isitoe povu, paka kwa brashi pana. Tabaka hili halitoki tena, na kazi yake ni kutenganisha rangi na kinachokuja juu. Likikauka, paka tabaka mbili za vanishi inayoweza kuondolewa. Wengi huruka tabaka la kwanza kwa haraka. Hapo fundi atakapokuja kuyeyusha vanishi iliyochafuliwa, dawa ya kuyeyushia itaila na picha yenyewe, kwa kuwa akriliki huyeyuka kwa spiriti na asetoni hata baada ya miaka. Kazi ya mafuta ni habari nyingine: subiri miezi sita hadi kumi na miwili kabla ya vanishi ya mwisho. Kama maonyesho ni mwezi ujao, weka karatasi ya plastiki angavu ya milimita 3 kwenye fremu, na kipande cha kutenga ili isiguse rangi. Kamba iwe zaidi ya mita moja kutoka ukutani, maana mkono wa mtu mzima hufika mbali kuliko tunavyodhani. Mikoba na makopo yabaki mlangoni.

Likitokea, msifute. Kitambaa husukuma rangi ngeni ndani ya vinyweleo vya turubai, na dakika moja ya kusugua hugeuka wiki za kazi. Kama rangi inachuruzika, ishusheni picha na kuilaza chali, uso juu, bila kuifunika. Lichukueni kopo alilotumia: fundi wa kuhifadhi sanaa akijua kama ni rangi ya maji au ya mafuta, ameshapata nusu ya jibu. Mwiteni siku hiyo hiyo.

*Mteja amenilipia mchoro wa ukutani, sasa anataka kuufuta kwa sababu umemkasirisha mkubwa fulani. Ana haki?* — Mchoraji wa kuta

Ukuta ni wake. Mwaka 1933 Diego Rivera alichora uso wa Lenin kwenye ukuta wa Rockefeller Center, New York, akakataa kuutoa. Alilipwa dola zake 21,000 zote, kazi ikafunikwa, na Februari 1934 ikabomolewa. Aliichora upya Mexico City, katika Palacio de Bellas Artes, ambako ipo hadi leo. Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ibara ya 6 bis, unampa mchoraji haki ya kupinga kazi yake kukatwakatwa au kupotoshwa kwa namna inayoharibu heshima yake, ila kuibomoa kabisa ni jambo ambalo nchi nyingi haziliweki wazi. Kwa hiyo andika kwenye mkataba kabla ya kushika brashi: notisi ya siku 90 kabla ya kufutwa, haki ya kuipiga picha na kuinakili, na marufuku ya kubadilisha sehemu huku jina lako likibaki. Mchoro wa awali usainiwe na pande zote mbili. Ulichokiongeza baadaye bila sahihi hakina mtetezi, na Lenin wa Rivera hakuwa kwenye mchoro ulioidhinishwa.

*Nikibadilisha jina la picha nitasalimika?* — Mchoraji, hataki kutajwa

Kuna aliyesalimika. Julai 1573 Paolo Veronese aliitwa mbele ya baraza la kuhoji imani huko Venice kwa sababu ya Karamu ya Mwisho yenye upana wa karibu mita 13. Walimuuliza kwa nini ndani yake kuna mchekeshaji na kasuku, mtu anayetoka damu puani, askari wa Kijerumani wenye silaha, na mbwa. Akajibu kwamba wachoraji hujipa ruhusa wanayojipa washairi na wendawazimu. Alipewa miezi mitatu airekebishe kwa gharama zake. Akaandika juu ya picha kwamba ni karamu nyumbani kwa Lawi, akataja sura ya tano ya Luka, na watu wote wakabaki mahali pao. Mbwa pia.